Chanjo: Kinshasa ilimsikiliza Muyembe, kisha ikasita

HOMBO – Mto ndio unaotenganisha Hombo ya Walikale, Kivu Kaskazini, na Hombo ya Kalehe, Kivu Kusini. Wachuuzi wanaotumia barabara ya taifa namba 3, kati ya Bukavu na Walikale, hupita hapo. Mwezi wa nane 2019, Ebola ilithibitishwa Pinga, katika teritware ya Walikale, na pia Mwenga, Kivu Kusini. Kwa watu wa mpakani, chanjo ipi serikali itakubali halikuwa jambo la Kinshasa peke yake.

Mwezi uliotangulia, Rais Félix Tshisekedi alikuwa amemkabidhi Profesa Jean-Jacques Muyembe kazi ya kuongoza mapambano dhidi ya Ebola. Muyembe, mkuu wa taasisi ya utafiti INRB, ni mmoja wa waliogundua ugonjwa huo Yambuku mwaka 1976. Julai 22, waziri wa afya, daktari Oly Ilunga, akajiuzulu.

Ilunga alipinga kuletwa kwa chanjo ya pili, ile ya Johnson & Johnson. Chanjo hiyo ina dozi mbili zinazopishana siku 56, na waziri aliona ni vigumu kwa watu wasiotulia mahali pamoja. Hoja yake haikuwa ya kubezwa: mchuuzi anayelala Bunyakiri leo na Walikale kesho, nani atampata siku ya 56? Hata hivyo, mwezi wa kumi na moja chanjo ilianza kutolewa Goma.

Ebola ilitangazwa kumalizika Juni 25, 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Dawa mbili zilizofanya vizuri kwenye majaribio yaliyoendeshwa mashariki mwa nchi zilipata kibali, moja ikitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995.

Korona ilileta sura nyingine. Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimesimamisha chanjo hiyo kwa hofu ya damu kuganda, na Kinshasa ikaahirisha hadi Aprili 19. Kusubiri kulieleweka. Lakini rais mwenyewe alisema hadharani kwamba alikuwa na mashaka nayo, na neno la rais hufika vijijini kabla ya muuguzi.

Dozi zipatazo milioni 1.3 zilielekezwa nchi nyingine za Afrika zisije zikaharibika. Tshisekedi alichanjwa mwezi wa tisa, kwa Moderna.