Mali Bila Daftari

Juma hili nataka tuzungumze juu ya duka moja la vifaa vya ujenzi lililoko Buguruni, hapa Dar es Salaam. Mwenye duka ni rafiki yangu wa siku nyingi. Anauza saruji, misumari, mabati na rangi, na kama ilivyo desturi ya biashara hiyo, mafundi huchukua mali leo na kulipa wakishalipwa na wenye nyumba.

Mwaka jana rafiki yangu aliamua kwenda na wakati. Akanunua kompyuta, printa na programu ya mauzo. Kijana mmoja alikuja kuiweka, akafundisha kwa siku mbili, akaondoka. Kwa miaka kumi mkewe ndiye aliyekuwa akiandika madeni katika daftari. Sasa akaambiwa apumzike, mambo ya daftari yamepitwa na wakati. Nilikuwapo siku hiyo, na nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Mwezi wa saba tangu siku ile, kompyuta ilizimika na haikuwaka tena. Fundi akasema diski imeungua. Nakala hakuna. Simu ya yule kijana haipatikani. Nilipokwenda kumpa pole, nilimkuta rafiki yangu amekaa juu ya mifuko ya saruji. Akaniambia, "Ndugu yangu, mashine imekufa na madeni yangu." Kwa hesabu yake ya kichwa, alikuwa anawadai mafundi zaidi ya shilingi milioni mbili. Waliokuja kulipa kwa hiari yao walikuwa wanne. Lakini madeni ya zamani, yale aliyoyaandika shemeji, yalilipwa, maana yana tarehe na saini.

Sisemi haya ili kuwatisha watu waikimbie teknolojia. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, wafanyabiashara wadogo waliipokea, na sababu iko wazi. Mtu wa Mbeya aliyetaka kumlipa muuzaji wa Kariakoo alikuwa akisafiri na fedha mwenyewe, au akimkabidhi dereva wa basi na kubaki anaomba Mungu. Chombo kilikuja kikakuta tatizo linakisubiri. Rafiki yangu alinunua chombo kwanza, kisha akaanza kutafuta kazi ya kukipa.

Basi mpango wa teknolojia wa biashara ndogo uweje? Kwa maoni yangu, ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukijibu maswali matano.

La kwanza: fedha zinavujia wapi? Kaa wiki mbili uandike. Je, ni mali inayoibwa? Ni madeni yasiyofuatiliwa? Ni wateja wanaoondoka kwa sababu mzigo umekwisha na hukujua? Andika kwa shilingi, usiandike kwa maneno. Kisha chagua tundu moja kubwa kuliko yote, uanze na hilo.

La pili: sheria inadai nini? Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa waliosajiliwa katika VAT, baadaye zikawafikia na wengine. Kabla hujanunua programu ya mauzo, nenda ofisi ya TRA uulize kama inaweza kuunganishwa na mfumo wa risiti. Vinginevyo utauza mara moja na kuandika mara mbili.

La tatu: chombo hiki kitanigharimu kiasi gani mpaka kife? Wengi wetu huuliza bei ya dukani tu. Tuseme kompyuta ni shilingi 900,000. Piga hesabu ya miaka mitatu. Bando la intaneti kwa 15,000 kila mwezi ni 540,000. Ada ya programu kwa 20,000 kila mwezi ni 720,000. Weka 180,000 za kifaa cha kulinda umeme na 150,000 za matengenezo. Jumla ni shilingi 2,490,000, yaani kama 69,000 kila mwezi. Ikiwa tundu lako linavuja 40,000 kwa mwezi, dawa imekuwa ghali kuliko ugonjwa. Likivuja 200,000, nunua bila kusita.

Na uangalie umri wa chombo. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifikisha mwisho huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazina uwezo unaotakiwa na Windows 11. Ukiona mtumba wa bei rahisi, uliza kwanza unatumia toleo gani na unaweza kupokea lipi.

La nne: ufunguo anao nani? Namba ya kupokea malipo isajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, si la mfanyakazi. Neno la siri ulijue wewe na mtu mmoja unayemwamini. Kumbukumbu zinakiliwe kila jioni katika sehemu mbili, na mojawapo ilale mbali na duka. Anayekuuzia programu akuonyeshe jinsi ya kutoa orodha ya madeni yako siku utakapotaka kuhama. Akishindwa kukuonyesha, mwache aende. Tena ukiandika majina na simu za wateja, kumbuka kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa hizo umewekewa amana, si mali ya kugawa.

La tano: siku ya giza nitauzaje? Mwezi Mei mwaka 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo. Aliyekuwa na kitabu cha stakabadhi chini ya meza aliandika na kuendelea. Aliyetegemea mtandao peke yake alibaki kuwatazama wateja wakivuka barabara.

Ukishajibu maswali hayo, usibadili duka zima kwa siku moja. Anza na madeni tu, au na saruji tu. Kwa mwezi mzima mashine na daftari viende sambamba, na kila Jumamosi ulinganishe hesabu. Zikipatana majuma manne mfululizo, ongeza sehemu nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari liwe la karatasi. Linaweza kuwa simu, linaweza kuwa kompyuta, mradi kesho asubuhi lifunguke na lisomeke.

Juma lililopita nilipita tena Buguruni. Kuna kompyuta nyingine, ndogo, na safari hii aliyekaa mbele yake ni shemeji mwenyewe. Pembeni yake lipo daftari. Nilimuuliza atalitupa lini. Akacheka, akasema, "Shemeji, hili ndilo linalonifundisha kama mashine inasema kweli."