Kinachomdumisha Mwalimu wa Elimu Maalumu

Kwa mwalimu wa elimu maalumu, somo ni sehemu tu ya kazi. Katika kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili au usonji, asubuhi moja huweza kuwa na mtoto wa kupelekwa chooni, mwingine wa kulishwa, wa tatu ameanguka kifafa, na mzazi amesimama mlangoni akiuliza mwanawe ataanza kusoma lini. Mwili huchoka, lakini mwili hupona kwa usingizi. Uchovu wa moyo haulaliki ukaisha.

Wanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha uchovu huo mwaka 1981. Waliutazama katika sura tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwa baridi kwa watu wanaohudumiwa, na kujiona hufanikishi lolote. Kwa mwalimu wa elimu maalumu, sura ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwenzake wa darasa la kawaida huona matokeo ya mtihani. Yeye huenda akatumia muhula mzima kumfundisha mtoto kushika kijiko. Akijipima kwa mizani ya mwenzake, kila jioni atarudi nyumbani ameshindwa.

Hapo ndipo mafunzo yanapokuwa kinga. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986, vimeandaa walimu wengi wa fani hii. Lugha ya alama na nukta nundu ndizo zinazojulikana zaidi na watu wa nje, lakini upo ujuzi mwingine usiosifiwa sana: kuivunja stadi moja katika hatua ndogondogo. Kunawa mikono, kwa mfano, ni kufungua bomba, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga bomba, kufuta. Mtoto aliyemudu hatua 2 kati ya hizo 7 ameendelea, na daftari la mwalimu linathibitisha.

Ujuzi mwingine ni kuisoma tabia. Mtoto asiyesema akipiga mayowe au kujigonga kichwa, pengine sikio linamuuma, au kelele za darasa zimemzidi. Asiyefunzwa huona ukaidi, akakasirika. Aliyefunzwa hutafuta sababu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na kufaulu kwake mwenyewe katika kazi kuliko na maneno ya kumtia moyo. Ndiyo maana semina za kuhimiza wito, zisizo na mbinu hata moja ya darasani, hazimfikishi mwalimu mbali.

Hata hivyo, cheti pekee hakitoshi. Aliyesomea elimu ya viziwi anaweza kupangiwa watoto wenye usonji, akarudi kuwa mgeni wa kazi. Huyo anahitaji mafunzo kazini. Anahitaji pia msaidizi darasani, mwalimu mkuu anayeielewa kazi yake, na wenzake wa kujadiliana nao juu ya mtoto aliyewashinda. Kumtaka avumilie peke yake ni kumtelekeza.

Mzazi naye ana nafasi yake: amuulize mwalimu mtoto yuko hatua ipi, kisha aiendeleze hatua hiyohiyo nyumbani.