Nyumba ya Paris Isiyouliza Ubini

Ukutani kuna ubao. Mtoto anapoingia na mama, baba au bibi yake, mpokezi huinama akamsalimu mtoto mwenyewe kwanza, akamwambia hapa ni wapi, akamuuliza anaitwa nani, kisha akaliandika jina lake la kwanza ubaoni. Basi. Hakuna ubini, anwani, namba ya kitambulisho wala faili. Mzazi haulizwi kama ana ndoa, anafanya kazi gani, wala nani kamtuma.

Habari za ubao huo nilikutana nazo nikitafuta jambo jingine kabisa, na tangu hapo hazijanitoka akilini. Ni wa Maison Verte, nyumba iliyofunguliwa Paris Januari 1979 na Françoise Dolto pamoja na wenzake, kwa ajili ya watoto ambao hawajafikisha miaka minne na watu wanaowalea.

Dolto, daktari wa watoto aliyezama katika saikolojia, alikuwa ameshazoeleka redioni akijibu barua za wazazi. Katika kazi yake aliletewa watoto ambao mambo yao yalikuwa yameshakomaa. Akataka familia zifike mapema, kabla mtoto hajaanza chekechea: bila miadi, bila rufaa, bila mzazi kulazimika kueleza ana shida gani. Anakuja saa anayotaka, anaondoka anapotaka, anatoa mchango anaouweza.

Usidhani ni mahali pa kila mtu kufanya atakalo. Sakafuni umechorwa mstari mwekundu. Magari na baiskeli za watoto haziuvuki. Anayetaka kuchezea maji huvaa aproni. Dolto aliyasimamia haya kwa dhati, akiamini kwamba hata mtoto ambaye hajaanza kusema huelewa akielezwa kwa maneno ya kweli. Asiyetaka aproni hapigwi wala hafokewi. Maji tu ndiyo atayakosa. Mzazi naye ana sharti lake: haruhusiwi kumwacha mtoto, hata kwa kukimbia dukani mara moja. Kwa Dolto, pale hapakuwa kituo cha kulelea watoto wala kliniki. Wapokezi hubadilishana zamu kwa siku za wiki, kwa hiyo hakuna familia inayokuwa "ya" mtaalamu fulani. Mama huongea akiwa tayari. Pengine siku hiyo haongei kabisa, na hakuna anayemdai neno.

Leo Ufaransa ina nyumba zaidi ya elfu moja zilizofuata njia hiyo, nyingi zikisaidiwa na mfuko wa umma wa posho za familia.

Nikitazama kwetu, naona tunavyoanza na karatasi. Kuna vituo ambako mjamzito aliyefika kliniki bila mwenza hutakiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ilikuwa njema: baba naye apime, ashiriki. Lakini yule aliyetelekezwa ndiye hasa anayehitaji mtu wa kumshika mkono, na ndiye tunayemrudisha njiani akaeleze aibu yake kwa mwenyekiti. Kisha semina zetu zinahoji kwa nini kina mama wanachelewa kuja.

Ubao ule nao una maswali yake. Mama aliyekuja mara mbili akatoweka, nani atamfuata? Sheria ya Ufaransa haimruhusu mpokezi kunyamaza akiona mtoto yuko hatarini, lakini ataanzia wapi kumtafuta mtoto anayemjua kwa jina moja tu? Na kwetu, afisa ustawi wa jamii anayebeba kata nzima, je, anaweza kumudu kutojua mtoto ni wa nani?

Sisemi tuchome mafaili. Chanjo inahitaji kadi, na kesi ya ukatili inahitaji maandishi. Ila kila swali tunalomuuliza mzazi kabla hajapewa hata kiti, tuliweke mezani tuambiane ukweli: linamsaidia yeye, au linajaza tu ripoti yetu? Yale yasiyomsaidia yanaweza kusubiri mpaka atakaporudi mara ya pili.