Wicca na Mlango wa Kanisa

Mwaka 1954 Gerald Gardner, Mwingereza aliyestaafu kazi ya forodha huko Malaya, alitoa kitabu chenye dai zito: dini ya kale ya Ulaya haikufa Ukristo ulipoingia, bali ilijificha katika vikundi vya siri vya wachawi, naye ameingizwa katika kimojawapo. Sheria ya uchawi ya 1735 ilikuwa imefutwa miaka mitatu tu kabla. Dibaji iliandikwa na Margaret Murray, aliyekuwa akiitetea dhana hiyo tangu 1921.

Wanahistoria, Ronald Hutton akiwa mbele, hawajauona mnyororo huo wa siri kutoka enzi za kale. Wicca, dini hiyo aliyoitangaza Gardner, ni ya karne ya 20. Itazame ibada yenyewe: kiongozi huchora duara kwa kisu chenye mpini mweusi, walinzi wa pande nne huitwa kuanzia mashariki, na chumvi iliyobarikiwa hutiwa majini. Kisu kile kimo katika vitabu vya uganga vya Ulaya vilivyopewa jina la Mfalme Suleimani, ambamo mganga humwomba Mungu wa Biblia. Chumvi na maji, padri Mkatoliki amevibariki hivyo kwa karne nyingi.

Hata hivyo siwezi kusema hakuna cha kale. Kipo, ila kimepitia kanisani. Mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe: sanamu zivunjwe, maji ya baraka yanyunyizwe, na watu waliozoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mizimu wachinje kwa karamu ya kumsifu Mungu. Nadhani waraka huo umehifadhi mengi kuliko kikundi chochote cha siri.

Ireland inalionyesha hilo vizuri zaidi. Tarehe 1 Februari, siku ya kale ya kufungua majira ya kuchipua, ni sikukuu ya Mtakatifu Brigid wa Kildare, mwenye jina la mungu mke wa zamani. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu husuka msalaba wa nyasi za kinamasi, zinazong'olewa kwa mkono bila kukatwa kwa kisu, wakautundika mlangoni ulinde nyumba na mifugo.

Wafuasi wa Wicca nao huiadhimisha siku hiyo kwa mishumaa. Wale wa mwanzo, wa enzi ya Gardner, waliiita Candlemas, na hilo ni jina la misa ya Kikristo ya kubariki mishumaa, kila tarehe 2 Februari.