Chumba Kilichokuja na Meli: Utangulizi wa Elimu ya Makazi ya Kambi

Karibu katika elimu ambayo bado haijapata wanafunzi wengi, ingawa vielelezo vyake vimejaa barabarani. Ukivuka Makupa kuingia Changamwe utaona kontena zimepandana katika yadi za Kipevu, Mikindani na Miritini. Bandari ya Mombasa yenyewe ilivuka kontena milioni 2 mwaka 2024, kwa hesabu ya kontena za futi 20, na kwa kuwa nchi huagiza zaidi ya inavyouza nje, nyingi hubaki tupu. Katika wingi huo sisi tunatafuta zile chache zilizotobolewa dirisha: ya bawabu penye lango, ya msimamizi kando ya mjengo, ya mafundi waliotoka bara kwa kazi ya miezi kadhaa na hawana jamaa wa kuwapokea Likoni wala Kisauni. Mtu aliyeletwa mahali kwa ajili ya kazi, alale wapi kazi ikiendelea, na alale vipi? Ndilo swali letu.

Naomba uanze na boriti kabla ya kontena. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zina vyumba virefu vyembamba, na sababu yake ni mti. Dari na sakafu zililazwa juu ya boriti za mkoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka upana wa zaidi ya meta tatu hivi bila kulegea. Kazi ya Usam Ghaidan juu ya mji wa Lamu, iliyotoka mwaka 1975, ni mlango mzuri wa kuziingia nyumba hizo. Kisha fuata majahazi. Boriti hizohizo zilipakiwa Lamu na Rufiji zikapelekwa Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti ya kujengea, na huko vyumba vikachukua upana uleule. Mtu wa Kuwait alilala katika chumba kilichopimwa na mkoko wa pwani yetu.

Kontena ina upana wa meta 2.44 kwa nje na kama 2.35 kwa ndani. Ni kipimo cha jirani sana na kile cha boriti, ila chanzo chake ni usafiri. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ya Malcom McLean iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58, na masanduku hayo yalikuwa matela ya malori yaliyovuliwa magurudumu. Futi nane za upana zilifuata sheria za barabara za Marekani. Hakuna aliyekuwa akifikiria kitanda. Haya ndiyo ninayotaka uyashike unapoingia katika fani hii: chumba cha kambi hupimwa kwanza na chombo kinachokibeba, na atakayelala ndani hukumbukwa mwisho. Kazi yetu ni kumtanguliza yeye.

Waashi wa zamani walimtanguliza. Ufinyu wa chumba waliufidia kwa kuta nene za matumbawe, dari ya juu na kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati ya nyumba. Kontena haina hata kimoja katika hivyo, na chuma hupitisha joto mara makumi kuliko jiwe la matumbawe. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huangukia paa kuliko ukuta. Februari na Machi, kaskazi inapofifia, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku halishuki sana. Mfikirie mfanyakazi wa zamu ya usiku, ambaye usingizi wake ni wa saa sita mchana. Na wa zamu ya mchana ana shida yake: karibu na alfajiri paa la chuma hupoa kuliko hewa, unyevu wa pumzi za waliolala hugandama darini, kisha hudondoka kitandani.

Tiba si siri, na nyingi ziko mikononi mwa fundi wa kuchomelea wa mtaani. Iliyo kubwa ni paa la pili, la mabati au makuti, lililoinuliwa juu ya lile la kwanza ili upepo upite katikati. Kontena ilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi, na madirisha yatazamane kwenye pande mbili ndefu yapokee kaskazi na kusi. Ipakwe rangi nyeupe. Iinuliwe juu ya matofali, na matofali yakae chini ya pembe nne, maana uzito wote hushukia nguzo za pembeni. Ukuta ukikatwa mlango, mwanya uzungushiwe fremu ya chuma, kwa sababu yale makunjo ya bati ndiyo yanayozuia sanduku lisipinde. Na kuna jambo linalosahaulika mno: sakafu za plaiwudi za kontena nyingi zilitiwa dawa ya kuua wadudu kwa safari za baharini. Sakafu hiyo ing'olewe au ifunikwe barabara kabla mtu hajatandika godoro.

Baada ya kontena, aina ya pili ya makazi ya kambi, chumba cha paneli kinachokuja kimekunjwa na kufungwa kwa bolti, ndiyo inayopendwa na makampuni makubwa ya ujenzi wa reli na barabara. Hukinga joto vizuri zaidi. Ila paneli zenye povu la polistirini huwaka upesi kwa moshi wa sumu. Zenye sufi ya mawe ni bora, hata kwa bei ya juu.

Kuhusu idadi ya vitanda, mwongozo wa mashirika ya fedha ya IFC na EBRD wa mwaka 2009 hutaja meta 4 hadi 5.5 za mraba kwa kila mtu. Kontena ya futi 20 ina meta za mraba kama 13.9 ndani. Piga hesabu: ni watu watatu, na hao wamebanana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri atoe makazi ya kufaa au fedha za kutosha za kodi. Usiisome sheria hiyo peke yake. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939, na serikali ya kikoloni ikaunda tume ya Willan kuchunguza hali zao, makazi yakiwa mbele kabisa. Vitabu vya mwanahistoria Frederick Cooper vitakuonyesha jinsi bandari hii ilivyobishania kitanda cha kibarua kwa miongo mingi.

Limebaki eneo ambalo halijalimwa, na nalitamani zaidi ya yote. Kisauni na Likoni kuna familia nyingi zenye nyumba bila ardhi: nyumba ni yao, kiwanja ni cha mwingine, nao humlipa kodi ya ardhi kizazi baada ya kizazi. Nyumba inayong'oka ingemfaa nani kama si familia hizo? Lakini kambi ikivunjwa, kontena huuzwa, hutiwa baraza, humwagiwa zege chini, hugeuka duka mbele na chumba nyuma. Tangu siku ile, je, bado ni mali ya kuhamishika, au imeshakuwa sehemu ya kiwanja cha mwenye ardhi? Mwanafunzi atakayeketi na wenye nyumba, wenye viwanja na mawakili wa pande zote mbili, akiwa na daftari na futi ya kupimia, ana tasnifu inayomngoja kati ya Kongowea na Mtopanga.