Injini Ikizima Juu ya Korogwe

Ukiweka rula kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Kilimanjaro, mstari utapita katikati ya Handeni na Korogwe. Hapo ni karibu nusu ya safari ya kilomita 450 hivi, na abiria wengi huwa wanamalizia soda yao. Tuseme hapo ndipo injini moja inapogoma. Wengi wetu huamini kwamba kuanzia dakika hiyo roho za watu zimo katika wepesi wa mikono ya rubani. Mimi naona ni kinyume chake. Ukizifuata ajali zilizochunguzwa hadi mwisho, utakuta hitilafu yenyewe mara nyingi ingeweza kuvumilika. Kilichoua ni pupa iliyoifuata.

Ndege ya abiria ya injini mbili hairuhusiwi kubeba watu mpaka ithibitishwe kwamba inaweza kuendelea kupaa hata injini moja ikifa mwishoni mwa mbio za kuruka, ikiwa imebeba mzigo wote. Hata zikizima zote mbili, ndege iliyo kwenye kimo cha mita 10,000 haidondoki. Huteleza hewani kilomita 150 au zaidi kidogo. Kutoka Korogwe hadi uwanja wa Zanzibar hazifiki hizo. Hiyo ni hesabu ya karatasini, upepo haujatia mkono wake, lakini inaonyesha kwamba kimo ni akiba ya muda. Ndiyo maana marubani hufundishwa mpangilio usiobadilika: kwanza endesha ndege, pili jua unakoelekea, tatu ndipo uongee na waongoza ndege. Abiria wanaolalamika kwamba rubani alikawia kuwatangazia wanasahau kwamba wao wako mwisho kabisa wa foleni hiyo, na ni haki yao kuwa huko.

Tazama namna injini inavyozimwa. Rubani mmoja anaweka mkono kwenye wenzo wa injini anayodhani ni mbovu, anaitaja kwa namba, kisha anangoja. Mwenzake anatazama mkono, anatazama saa za injini, halafu anasema ndiyo. Hapo tu ndipo wenzo unavutwa. Kungoja huko kunaweza kuonekana uzembe kwa mtu anayenusa moshi, lakini kumelipiwa kwa damu. Januari 8, 1989 Boeing 737 ya British Midland ilivunjika pangaboi la injini ya kushoto, na marubani wakazima ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtikisiko ulipopungua waliamini wamepatia. Walipoidai nguvu ile mbovu karibu na kutua, ikafa nayo, na watu 47 wakapoteza maisha karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kunijibu kwa ajali moja tu: Kenya Airways 431, Abidjan, Januari 30, 2000. Airbus A310 ilikuwa ndiyo kwanza imeinuka usiku, juu ya bahari, king'ora kikalia kwamba inapoteza uwezo wa kubaki hewani. Muda wa kujadiliana ulikuwa wapi? Kweli, haukuwepo, safari nzima ilidumu kama nusu dakika. Lakini king'ora kile kilikuwa cha uongo. Ndege ilikuwa inaruka vizuri, na mkono uliosukuma pua chini ili kukitii ndio ulioifikisha majini. Kati ya watu 179 walipona 10. Pale ambapo kimo ni kidogo, tendo la haraka linagharimu zaidi, kwa sababu hakuna nafasi ya kulisahihisha.

Hoja nzito zaidi inatoka Ethiopia. Machi 10, 2019 Boeing 737 MAX iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka, ikaua wote 157. Kifaa kimoja cha kupima mwelekeo wa pua kilitoa taarifa potofu, na programu ya kompyuta ikawa inaisukuma ndege chini tena na tena. Marubani walizima swichi walizoelekezwa kuzizima, lakini kasi ilikuwa kubwa mno, na gurudumu la mkono halikuzungushika. Hapa nakubali: utaratibu hauna maana kama aliyeuandika hakuielewa, au hakuieleza, mashine yake mwenyewe. Lawama hiyo ni ya mtengenezaji, na haimgeuzi rubani mwenye pupa kuwa salama zaidi.

Wapo pia wanaouliza kwa nini ndege isitue tu hapo karibu: Tanga, au barabara kuu pale Segera, au kwenye mashamba ya mkonge. Kiwanja cha Tanga kimezoea ndege ndogo za propela. Ndege kubwa inahitaji lami ndefu na magari ya zimamoto. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua uwanja mfupi wa Arusha, ikaishia magurudumu yakiwa kwenye udongo nje ya lami, na hiyo haikuwa mbovu. Hata kushuka kuna pahali pake. Hewa ya ndani ikivuja, rubani hana budi kushuka hadi mita 3,000 hivi, maana oksijeni ya barakoa za abiria ni ya dakika chache. Juu ya Handeni anashuka bila wasiwasi, na vilele vya Usambara vinabaki chini yake. Hitilafu hiyohiyo ikitokea mbele zaidi, kuna Meru ya mita 4,566 na Kilimanjaro ya 5,895, na lazima achague upande kabla ya kushusha pua.

Moshi peke yake ndio unaobadilisha hesabu. Septemba 1998 Swissair 111 iliungua hewani karibu na Kanada. Tangu marubani waliponusa harufu hadi ndege kugonga bahari zilipita kama dakika 21, na 229 wakafa. Baada ya hapo miongozo ya moshi iliandikwa upya: wazo la kutua mapema likawekwa juu kabisa, kabla ya kutafuta chanzo. Februari 2024 Airbus A220 ya Air Tanzania iliyotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya ilipata hitilafu ya injini na moshi ukaingia ndani. Marubani waligeuza wakarudi Dar, wakatua salama. Haraka hiyo ilikuwa imeamuliwa na watu waliokaa mezani, miaka mingi kabla ndege yenyewe haijatengenezwa.