Oduya, beki wa barafuni

Kwenye mialo ya Muleba, barafu hupakiwa botini kwenda visiwani ili sangara asiharibike kabla ya kufika kiwandani. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire akisikia kwamba kuna mwana wa Mkenya aliyepata utajiri na vikombe kwa kukimbia juu ya barafu, ana haki ya kuuliza: alifanyaje?

Huyo ni Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1981, baba Mkenya, mama Mswidi. Kaka yake Fredrik alimtangulia katika hoki ya barafuni.

Mchezo huo una watu sita kila upande, golikipa akiwemo, na vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira, wanagombea kisahani cha mpira mgumu chenye gramu 170 hivi. Kasi ya mchezo hukata pumzi, hivyo mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja, akatoka, mwenzake akaingia bila filimbi kupulizwa. Kazi ngumu kuliko zote ni ya beki: huutega mwili wake mbele ya shuti, naye husifiwa mara chache.

Oduya alikuwa beki hasa. Mwaka 2001 Washington Capitals, timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, walimchagua akiwa wa 221 katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, na hawakuwahi kumchezesha. Akarudi Uswidi, akakomaa, akaingia NHL mwaka 2006 na New Jersey Devils, umri miaka 25. Vijana wetu wanaokata tamaa wakiwa na miaka 19 wautazame umri huo.

Juni 2013, mchezo wa sita wa fainali ya NHL, timu yake wakati huo, Chicago Blackhawks, walikuwa nyuma kwa Boston 2-1, zimebaki sekunde chache zaidi ya 70. Mwenzake Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye shuti la Oduya likaguswa njiani, likagonga mwamba, mwenzao Bolland akamalizia. Kombe la Stanley, taji la NHL, likawa lao. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha ya Olimpiki kule Sochi akiwa na Uswidi. Mwaka 2015, beki mwenzake wa Chicago, Rozsival, alipovunjika kifundo cha mguu, kocha Quenneville aliwabebesha mabeki wanne karibu mzigo wote. Oduya alikuwa mmoja wao, na kombe la pili likaja.

Katika nchi ya baba yake, Nairobi nayo ina timu ya hoki, Ice Lions, inayofanyia mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Vijana hao sasa wanahitaji uwanja wa vipimo kamili.